Mlima wa Shimo la Nne

Kiogoro, Jumapili asubuhi

Nyar Nam,

Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba mtu akifa amelala, hana habari ya lolote, na kumwandikia ni kuharibu wino. Mimi Msabato wa kuzaliwa naandika hata hivyo. Mchungaji akiniuliza nitamwambia nilikuwa najisemesha, maana mwenye duka huzoea kujisemesha. Lakini wewe, Atieno, binti wa ziwa ninayekuita Nyar Nam kwa lugha yenu, ujue barua hii ni yako. Naandika nikiwa nimeshtuka, na mshtuko wenyewe sina wa kumpa, kwa sababu kila ninayeanza kumweleza ananiuliza kwanza sisi akina mama wawili wa makamo tulikuwa tunatafuta nini kwenye mchezo wa gofu.

Nilifika pale, rafiki yangu. Pale pa picha.

Ile picha ya kalenda uliyoibandika dukani kwako, kando ya ubao wa herufi za kupimia macho. Mwaka wake ulipoisha ulikata tarehe ukaacha uwanja: nyasi kama zulia jipya, maji ya buluu, bendera nyekundu, na hakuna mtu. Mteja akimaliza kusoma zile herufi ulimgeuza umwulize anaona nini pale pichani. Kuna mama mmoja wa Nyamarambe alikujibu anaona mbinguni, ukamwambia basi miwani imemfaa. Tuliahidiana tutakwenda wote wawili, tucheze kama watu wazito, siku moja tu, bila kuuliza ng'ombe huyu ni wa nani kama uwanjani kwetu Ikonge. Ukaondoka kabla. Uliondoka siku ya kazi, asubuhi, ukiwa unafungua kufuli la duka, na mimi nilikuwa mlango wa pili naning'iniza sare za shule. Nilisikia funguo zikianguka. Mpaka leo funguo zikianguka popote mjini hapa mwili wangu unaruka.

Binti yangu Moraa, yule aliyeolewa Mombasa, aliona hali yangu baada ya mazishi. Nilikuwa sili. Nilishona sweta ya mtoto mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mamake akairudisha, akaniangalia tu. Moraa akaniita Pwani, akanipeleka mwenyewe hadi kwenye geti la hoteli ile yenye uwanja. Nikaingia na ule mfuko wetu mmoja wa fimbo tuliokuwa tukishirikiana, na mpira wako wa njano ukiwa mfukoni mwa sketi.

Unajua nilitegemea nini. Nilitegemea kulia kwa uzuri. Nilishaandaa hata leso.

Atieno, nilichoka. Simaanishi miguu, miguu haikupanda chochote. Nilichoka moyoni, kama mtu aliyekaa harusini meza moja na wageni wasioongea. Kufikia shimo la tatu nilitazama saa. Mimi, Kerubo, kutazama saa katikati ya gofu! Nilishtuka hata nikauficha mkono wangu nyuma, usije ukaniona.

Uzuri upo, nisiseme uongo. Nyasi zimekatwa sawasawa, hakuna jani lililomzidi mwenzake. Mchanga umepigwa reki asubuhi na mapema, mweupe kama unga wa ngano. Kila shimo lina kibao kilichochorwa njia, kikikuambia upige wapi na umbali uliobaki. Wafanyakazi wengi, wenye adabu, wanainama ukipita. Sasa sikiliza. Nilipiga mpira wa kwanza vibaya, ule upigaji wangu wa kupinda kuelekea kulia ambao wewe uliuita kona ya Ikonge. Nikajua nimeshapotea. Mpira ukaenda, ukagusa ukingo wa njia, ukateremka wenyewe taratibu, ukarudi katikati. Kingo zote kule zimeinamishwa kuelekea ndani. Ukikosea unarudishwa, kama mtoto anayeshikwa mkono asianguke.

Na ulipotua, ulikaa juu ya nyasi vizuri kama yai kwenye trei. Nikapiga. Ukatua tena kama yai kwenye trei. Shimo la pili likawa hivyo, la tano hivyo, la sita nikamwuliza yule kijana wa kubeba fimbo kama hili hatujalicheza tayari. Akacheka akadhani namtania. Yale mashimo ya mchanga yamewekwa mahali ambapo hata mimi siwezi kupeleka mpira nikitaka. Yapo kwa ajili ya kupigwa picha. Na maji ya buluu, ambayo mimi na wewe tulibishana mwaka mzima tutayavukaje, yako pembeni kabisa, mtu anayapita kama anavyopita ukuta wa jirani.

Ndipo nikaelewa kinachonichosha. Uwanja ule haukuniuliza swali hata moja. Kwetu kila pigo lina swali. Mpira umelala wapi, kwenye alama ya kwato au kwenye nyasi? Upepo unatoka vilima vya Manga au umegeuka? Yule fahali aliyefungwa kwenye shimo la pili leo kamba yake ni ndefu kiasi gani? Wingu lile jeusi litatufikia kabla ya shimo la saba? Tunasimama, tunabishana, unaniambia nipige fimbo ndefu, napiga fupi kwa ukaidi, najuta, unanicheka. Kule nilipiga pigo moja, lile lile, mchana kutwa. Nikamaliza kwa mapigo machache kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Kijana akanipigia makofi. Nilijisikia kama mtu aliyefanya mtihani na majibu yameandikwa ubaoni.

Ulinihurumia, uwanja ule. Shika neno hilo, nitalirudia.

Kabla ya hayo lilitokea jambo la aibu. Kwenye shimo la nne nilijipanga kupiga, halafu nikashusha fimbo, kichwa chake kikagusa nyasi, nikatazama upande wa kulia, nikasimama. Nikaendelea kusimama. Yule kijana akasubiri kwa adabu, mwishowe akaniuliza kwa sauti ya Kipwani, "Wangoja nini, mama?" Nikamjibu, "Nangoja wapite." Akatazama. Akaniuliza akina nani. Hapakuwa na mtu, Atieno. Hapakuwa na njia hata. Palikuwa na ua wa maua na nyuma yake ukuta.

Mwili wangu ulikuwa umesimama kwenye shimo letu la nne, juu ya Ikonge, pale ile njia ya akina mama wa majani chai inapokata uwanja kwenda kituo cha kununulia. Ile sheria yetu ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaifuata: mwenye mzigo hupita kwanza. Unashusha fimbo mpaka chini ili aone kwamba hutapiga. Unamsalimia, unamwuliza majani yalivyo, na humharakishi hata mawingu yakiwa yameshakaa vibaya. Wewe binti wa ziwa uliwapigia "bwakire", salamu yetu ya asubuhi, kwa lafudhi yako ile nzito mpaka wakatua vikapu kucheka, na tukazidi kuchelewa. Mimi nilikuwa nanung'unika. Na kule Pwani, mbele ya ua wa maua, nikaanza kucheka peke yangu, kicheko kikageuka, nikatoa ile leso niliyoiandalia uzuri. Kijana wa watu akakimbia kuniletea maji.

Nilirudi Kisii nikiwa na hamu moja, kukusimulia. Niliteremka stendi, nikapanda ule mteremko wa maduka yetu nikipanga maneno, nikiona kabisa utakavyoweka miwani juu ya kichwa. Nilifika mlangoni kwako nikasema, "Atieno, tumedanganywa." Msichana anayeuza vifuniko vya simu hapo siku hizi akaniuliza nataka cha aina gani.

Jumapili iliyofuata nikaenda uwanjani peke yangu. Unajua saa ile yetu. Jumamosi yangu ni ya Sabato, Jumapili yako ina misa, na mvua ya huku haina dini, ikifika alasiri inashuka. Kwa hiyo tulikuwa na ule muda mdogo kati ya misa yako ya kwanza na ngurumo. Tuliutumia wote, na siku tulipozidisha tukapigwa. Hivi unakumbuka siku ya mvua ya mawe kwenye shimo la saba? Uwanja mzima umekuwa mweupe, mpira wako mweupe, wewe mpima macho wa mji ukainama, ukachagua, ukajipanga kwa madaha yote, ukapiga barafu ikapasuka usoni mwangu. Ndiyo siku uliyonunua mpira wa njano.

Nilifika nikakuta vigingi. Vimepigwa kwenye mlima wa shimo la nne, kuanzia chini hadi juu, vyenye utepe mwekundu. Na kando ya njia ya akina mama kuna nguzo za ua zimelazwa zikisubiri kuchimbiwa. Nilikaa kwenye nyasi mbichi na sketi yangu ya kanisani.

Mwenyekiti wetu, Nyangau, alikuwa amepata mfadhili. Mfadhili ataleta tingatinga, mlima utakatwa, kingo zitainamishwa, maji yatachimbwa, njia itafungwa na akina mama watazunguka barabarani na vikapu vyao. Tutapata wageni. Tutafanana na kule. Aliposema kule alitaja hoteli ile ile niliyotoka.

Sasa wewe unajua mlima ule ni nini. Si mrefu. Lakini ukipiga mpira pungufu kidogo tu, unakurudia, unateremka, unateremka, unakuja kusimama miguuni pako kama mbwa. Uliwahi kunirudia mara nyingi hadi nikatupa fimbo kwenye migomba ya jirani, ukaenda kuiomba kwa niaba yangu. Na siku niliyofika juu kwa pigo moja nilicheza densi, Msabato mzima. Hakuna siku mlima ule ulikuwa sawa na juzi. Na wewe ulikuwa na tabia yako. Katikati ya mlima, kila Jumapili, ulisimama, ukaweka mkono kiunoni, ukageuka nyuma kutazama magharibi, ukasema, "Ngoja kidogo niangalie nyumbani." Ukaangalia ziwa lenu. Mimi niliendelea kupanda nikikutania kwamba ziwa halitakauka usipolichungulia leo, na ninyi watu wa samaki hamwezi kukaa bila kuona maji. Nikawa wa kwanza juu kila mara. Ukanikuta, tukaendelea.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye mkutano wa wanachama nikiwa nimevimba. Nyumba yetu ya mabati ilijaa. Nyangau akabandika michoro. Nikasimama, nikawaambia mimi nimetoka huko mnakokutaka, na huko mtu anapiga kama kuku anayedonoa, bila kufikiri. Wakacheka. Nikaona nimewapata. Nikamalizia kwa jina lako. Nikasema Atieno angekuwa hapa, asingekubali mlima huu uguswe hata kwa jembe.

Nyangau akavua miwani, ile uliyomtengenezea wewe. Nilidhani atanifokea, maana tumeshafokeana sana. Akaongea polepole, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Moraa, nisamehe. Huyo Atieno ndiye alikuja kwangu na hii maneno. Yeye ndiye aliniomba hiyo mlima ikatwe."

Watu wakanigeukia. Nikaanza kumwambia ni mwongo. Wakati huo huo mvua ikapiga mabati, na unaijua nyumba ile, mvua ikipiga hata ukipiga filimbi husikiki. Mkutano ukaahirishwa mpaka Jumapili nyingine. Nilibaki nimesimama na watu wanapita pembeni yangu kutafuta miavuli.

Wewe? Wewe uombe mlima ukatwe?

Nilikwenda kwa Baba Felix, mumeo, moja kwa moja, sikubadilisha hata viatu. Nilimkuta anakunja nguo zako za kupeleka kwa dada zako. Nikamwambia yale Nyangau aliyosema, nikitegemea akasirike pamoja nami. Akaendelea kukunja. Kisha akaniambia moyo wako ulikuwa umepanuka. Mlijua kwa muda mrefu. Daktari alikukataza milima, ukamjibu kwamba basi akukataze na Kisii yote. Kila Jumapili ulirudi nyumbani ukalala mpaka jioni, na Jumatatu unafungua duka unanisalimia kwa kelele. Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyeniambia mimi, mtu wa mlango wa pili. Akaweka chini gauni lako la kijani.

"Alikataa, Mama Moraa. Alisema Kerubo akijua ataanza kunionea huruma, atakuwa ananipigia polepole. Hapo mchezo itakuwa imeisha."

Niliketi juu ya nguo zako. Nilikukasirikia, Nyar Nam. Nisikufiche. Nilikukasirikia kuliko siku uliyokufa. Nimekaa nawe miaka hiyo yote, nimekula samaki wako na wewe umekula mboga zangu chungu na kuzisifia, nimekushika mkono Felix alipofeli na alipopasi, na ulimwendea Nyangau, Nyangau wa watu, ukampa siri yako, ili mlima uondoke mimi nisijue ni kwa nini umeondoka! Ungenifanya niulaumu uongozi hadi kufa kwangu, na wewe ukinisaidia kulaumu. Nakujua. Ungesimama kando yangu ukisema kweli hawa watu wameharibu uwanja.

Nilirudi nyumbani nikazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu siku ya pili yake nikafunga duka asubuhi, siku ya kazi, jambo ambalo sijawahi kufanya kwa ajili ya gofu ya hapa, nikaenda Ikonge. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na hewa ilikuwa imeoshwa, unaona kila jani kwenye kilima cha mbele. Nilijiambia leo ziwa litaonekana mpaka na mawimbi. Nilikuwa nimechukua fimbo moja tu, ya kuegemea. Nikapanda hadi katikati, pale pako, pale penye lile jiwe bapa. Nikaweka mkono kiunoni. Nikageuka.

Atieno, ziwa halionekani.

Nilidhani nimekosea mahali. Nikasogea kushoto. Nikasogea kulia, nikapanda juu ya jiwe, nikasimama kwa vidole kama mtoto dirishani. Mbele kuna kilima cha majani chai, kina mikaratusi juu yake, na nyuma ya mikaratusi kuna kilima kingine. Paa la kituo cha kununulia. Moshi wa jiko la mtu. Basi. Hakuna maji, hakuna hata ule weupe wa mbali tunaouona tukiwa Manga. Mikaratusi ile ni mizee, haikuota jana.

Mama mmoja alikuwa anapanda njia na kikapu mgongoni. Nikamwuliza ziwa linaonekana wapi hapa. Akanitazama vizuri kama ninaumwa. Akaniambia ameolewa hapa akiwa msichana na hajawahi kuona ziwa lolote, na kama nataka ziwa nishuke barabarani nipande gari la Kisumu. Akacheka, na mimi nikacheka pamoja naye kwa heshima.

Ulikuwa unapumua. Jumapili baada ya Jumapili ulikuwa umesimama pale ukitafuta pumzi, unatazama mikaratusi, unaniambia unaona nyumbani. Na mimi nilikuwa nimekupa kisogo nikipanda. Hata siku moja sikugeuka nikasema na mimi nilione hilo ziwa. Wewe uliyepima macho ya mji mzima ulijua vizuri sana mtu wa kutogeuka ni nani.

Yule mama alikuwa bado hajapita. Alikuwa amesimama mbele yangu anasubiri kitu. Nikashangaa anasubiri nini, kisha nikaona: fimbo yangu ilikuwa juu, nilikuwa nimeishika begani kama ninayetaka kupiga. Nikaishusha mpaka nyasini. Akaitikia kwa kichwa, akapita na mzigo wake. Nilimfuata kwa macho mpaka kikapu kikapotea nyuma ya ukingo, na nililia pale juu ya jiwe lako vile sikulia kwenye kaburi lako kule ziwani, ambako watu walikuwa wengi na jua kali na nilikuwa nashughulika kuwatafutia wageni kivuli.

Sasa nikuambie nilichofanya, na ukiwa umelala usisikie, basi ni vizuri zaidi.

Jumapili ya mkutano nilisimama tena. Nilimwomba Nyangau msamaha mbele ya wote, nikasema hakudanganya, Atieno aliomba kweli, na aliomba kwa sababu alikuwa mgonjwa na hakutaka tujue. Watu wakageukiana, maana wengi walikuwa hawajui. Halafu nikasema bado nitainua mkono kupinga. Nikawaambia uwanja wa kule niliuchukia na sikuweza kusema vizuri kwa nini, nilisema tu habari za kuku. Sasa naweza. Kule hakuna anayemngoja mwenzake, kwa sababu hakuna kinachomchelewesha mtu. Hakuna mlima, hakuna njia, hakuna mwenye mzigo. Mnaweza kucheza pamoja toka asubuhi na msijuane hata kidogo. Hapa kwetu mlima unamsimamisha mtu, na akisimama, mwenzake ana nafasi ya kugeuka. Mimi sikuitumia. Lakini nafasi ilikuwepo, na kama mlima ungekatwa nisingekuwa nayo kabisa.

Nikasema mlima ubaki, njia ibaki, na asiyeweza kupanda aseme, tutamngoja. Na asiyetaka kusema, asimame tu, hatutamwuliza.

Kwa hiyo nimepiga kura dhidi yako, rafiki yangu. Niliinua mkono wangu nikijua ulichokitaka. Wengi waliinua na mimi. Mfadhili ameudhika amekwenda kutafuta kilima cha wengine, na kuna wanachama ambao hawanisalimii, wanasema nimewanyima maendeleo. Mlima upo. Vigingi nilivyong'oa mwenyewe vinashikilia maharagwe yangu hapa Kiogoro. Nyangau alinikuta ninaving'oa, nikadhani atanikemea, akainama akang'oa vya upande wa pili.

Labda umekasirika. Kasirika. Tuko sawa sasa.

Ningependa kukuambia kwamba nimekusamehe lile ziwa, lakini bado. Nikiwa nafunga vifungo vya sare za watoto linanirudia ghafla, halionekani, halionekani, na nabaki na sindano mkononi. Bado najaribu kukubali kwamba mtu anaweza kukaa mlango wa pili kutoka kwako na usimjue moyo wake umekuwa mkubwa kiasi gani. Nakuelewa kwa jambo moja. Hukutaka nikuonee huruma. Na mimi nilipohurumiwa siku moja tu, na nyasi na mchanga, nilitazama saa. Ningekupigia polepole, kweli. Ungeona. Ungeniacha ungekwenda kucheza na wengine.

Misa ya kwanza imeisha muda si mrefu, nimesikia kengele. Mawingu yamekaa vizuri, tuna muda mpaka alasiri. Nimeweka mfuko wetu kwenye gari, na mpira wa njano nimeuacha nyumbani juu ya kabati, sitaki kuupoteza. Lala salama, Nyar Nam, na kama hukulala, uniombee kule mnakoombea.

Nakuahidi hili. Kila Jumapili nitakayopewa, nikifika katikati ya mlima sitatangulia juu. Nitasimama penye jiwe bapa, nitageuka, nitashusha fimbo yangu mpaka iguse nyasi, na sitaharakisha mtu hata mbingu ikiguruma. Ulikuwa na mzigo, Atieno, na kwetu mwenye mzigo hupita kwanza.

Pita. Nangoja.

Mwenzako wa mlango wa pili,
Kerubo